Mjomba Hayumo Katika Faili
Mhadhara kwa wanafunzi, walimu na wazee wa Mtwara juu ya kusoma historia chuo kikuu



Nimetakiwa nizungumze juu ya kusoma historia chuo kikuu, kuanzia shahada ya kwanza hadi uzamivu. Wazazi mliopo mmekuja na swali moja, nami nalijua: mtoto akisoma historia, atakula nini? Nalijibu upesi. Wengi wataomba ualimu, na ajira za ualimu zimebana, hilo halifichiki. Wengine watakuwa maofisa tarafa, waandishi wa habari, watunza kumbukumbu, watumishi wa mashirika, na wachache watarudi chuoni kufundisha. Atakayepata mkopo wa Bodi atakatwa kwenye mshahara kama anavyokatwa mhandisi. Hayo yatoshe. Leo nataka tuzungumze kazi yenyewe, maana naona inaeleweka vibaya hata na wanaoifanya.

Watu wengi hudhani shahada tatu za historia ni kujua mambo mengi zaidi kila hatua: wa kwanza anajua vita kumi, wa pili mia, wa tatu elfu. Kijana anaingia na madesa aliyorithi kwa kaka yake, anayakariri, anakwepa sapu, anavaa joho. Lakini kinachobadilika kutoka shahada moja hadi nyingine ni namna unavyokaa na shahidi. Katika shahada ya kwanza unajifunza kumtilia shaka shahidi uliyeletewa. Katika umahiri, au uzamili kama wengi wanavyouita, unatoka kwenda kumtafuta shahidi mwenyewe. Katika uzamivu wewe ndiwe unayesimama kizimbani, na wengine wanakuhoji.

Tuanze na la kwanza, na tulianzie hapa hapa. Pale Mikindani kuna nyumba yenye kibao kinachomtaja David Livingstone na mwaka 1866. Watalii wanapiga picha, wanaondoka. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ninamtaka abaki. Anajuaje kibao kinasema kweli? Atafungua shajara za mwisho za Livingstone na kukuta kwamba mwezi Machi 1866 meli ya Kiingereza iitwayo Penguin ilimpeleka kwanza kwenye mlango wa Ruvuma, si Mikindani. Alikuwa na ngamia, nyati na punda, na mikoko ilikuwa imesongamana kiasi kwamba hapakuwa na pa kuwashushia wanyama. Ndipo wakageuza kuelekea kaskazini na kutia nanga Mikindani, na mwanzoni mwa Aprili akashika njia ya bara. Kwa hiyo ziara ambayo Mikindani inajivunia ilitokana na mikoko, na hilo kibao hakina nafasi ya kulieleza.

Asiishie hapo. Shajara hizo zilizochapishwa mwaka 1874 zilihaririwa na Horace Waller, rafiki wa marehemu. Mwaka 1987 mwanahistoria Dorothy Helly alitoa kitabu kizima kinachoonyesha jinsi Waller alivyochagua, akapunguza na kulainisha, ili Livingstone abaki vile wasomaji wa Uingereza walivyomtaka. Basi mwanafunzi wetu ana kibao, ana kitabu nyuma ya kibao, na ana mkono wa mhariri nyuma ya kitabu. Halafu aangalie msafara wenyewe: askari wa Kihindi kutoka Bombay, vijana waliosomeshwa Nassick, wanaume wa Anzwani, na pamoja nao Chuma, Myao aliyekombolewa kutoka utumwani akiwa mtoto. Safari ile ilikwenda hadi nchi ya Wayao. Nani katika msafara ule alikuwa anaelewa watu wanasema nini? Mwanafunzi akiuliza swali hilo kwa moyo wake, bila kusukumwa na mwalimu, mimi nampa alama kabla hajaandika jibu.

Miaka mitatu ya shahada ya kwanza ni ya hayo tu, ukiyasoma vizuri: kusoma kitu na kukizunguka kwa nyuma. Unaweza kuifanya Mlimani, unaweza kuifanya hapa Mtwara katika Chuo cha Stella Maris kilicho chini ya SAUT, unaweza kuifanya jioni kupitia Chuo Kikuu Huria huku unafundisha mchana. Bumu likichelewa utalia popote pale.

Wapo wanaosema wanafunzi wa shahada ya kwanza hawawezi utafiti. Historia ya taaluma yetu inawakanusha. Idara ya Historia ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1964, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Terence Ranger, Mwingereza aliyekuwa amefukuzwa na serikali ya walowezi wa Rhodesia ya Kusini. Akaja John Iliffe, akaja Walter Rodney kutoka Guyana, akarudi Isaria Kimambo baada ya kupata uzamivu Northwestern, Marekani, mwaka 1967, kwa kazi iliyosimama juu ya masimulizi ya wazee wa Upare. Mwaka 1968 na 1969 idara ile iliwatuma wanafunzi wake makwao wakati wa likizo, wakakusanye kumbukumbu za Vita vya Maji Maji kwa watu waliokuwa bado hai. Walikuwa vijana wa umri wenu. Karatasi walizoandika zilipigwa chapa kwa mashine ya stensili, wino umepauka, tahajia imeteleza huku na huku, na hadi leo hakuna msomi wa Maji Maji, awe Berlin au Iowa, anayethubutu kuzipita bila kuzisoma. Wale wazee hawapo tena. Likizo moja ya wanafunzi iliokoa sauti zao.

Gilbert Gwassa, aliyewahoji wazee wa Umatumbi, alimaliza tasnifu yake ya uzamivu juu ya vita hivyo hapo hapo Dar es Salaam mwaka 1973. Gwassa na wenzake waliona Maji Maji kama chipukizi la utaifa: makabila yaliyosimama pamoja dhidi ya Mjerumani. Miongo mitatu baadaye Felicitas Becker alipita kusini huku, Lindi na Mtwara, akasoma na kuhoji, akaona jambo jingine: ugomvi wa wakubwa wa biashara, wa vibopa wa bara na watu wa pwani, ulioanza kabla ya Mjerumani na kuendelea chini yake. Msiulize nani kati yao ni mkweli. Ulizeni kila mmoja aliishi wakati gani na alikuwa anawajibu akina nani. Binafsi naona Becker yu karibu zaidi na kusini ninayoifahamu, lakini bila Gwassa asingekuwa na wa kubishana naye.

Sasa nije kwenye umahiri, nami hapa nitakaa.

Mwanafunzi wa umahiri ataanza kwenda Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Ataagiza faili la wilaya, tuseme Newala au Mikindani, la wakati wa Mwingereza. Litaletwa: jalada lililofifia, karatasi zimetobolewa kwenye kona na kufungwa kwa uzi, kila karatasi ina namba juu. Bwana shauri ameandika kwa mashine. Pembeni mkubwa wake amejibu kwa kalamu ya wino wa rangi nyingine, maneno manne, herufi za jina, tarehe. Mara nyingi siri ya faili iko pembeni huko, si katikati.

Tuchukue shauri la kawaida kabisa katika mafaili ya namna hii: mkubwa wa kijiji amefariki, nani amrithi? Karani anaandika majina ya wanaostahili, kila mmoja na jina la baba yake. Mwanafunzi wetu anachora mti wa ukoo kutokana na majina yale. Fulani bin Fulani, bin Fulani. Mti unapendeza, unafika vizazi vinne. Ila ni mti wa mahali pengine.

Wazee mnacheka kwa sababu mmeshaona tatizo. Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wamwera wanahesabu ukoo kwa mama. Ukulungwa, yaani ukubwa wa kijiji, ulitoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Mtu alikuwa wa litawa, yaani ukoo, la mama yake, na baba yake alikuwa wa litawa lingine. Kwa hiyo kila ukipanda kwa jina la baba unatoka nje ya ukoo unaoutafuta, na ukipanda mara tatu umeshafika kwa watu ambao hata hawahusiki na chirambo kile, yaani eneo lile la mkulungwa. Wala msidhani Waingereza hawakujua. J. Gus Liebenow, Mmarekani aliyefanya utafiti Newala katika miaka ya 1950 na kutoa kitabu chake mwaka 1971, aliandika kwa kirefu juu ya litawa, chirambo na mkulungwa. Maofisa walijua, lakini orodha ya kodi, hati ya mahakama na rejista ya shule vyote vilikuwa na nafasi ya jina la baba, na havikuwa na nafasi ya mjomba. Karani hujaza nafasi aliyopewa.

Ongezeni hapo dini. Uislamu ulipoenea kutoka pwani kupanda uwanda wa Makonde, mirathi ya kisharia ilimpa mtoto, na desturi ilimpa mpwa. Katika nyumba nyingi mambo hayo mawili yalikaa pamoja kwa miaka, mikorosho ikienda huku na cheo kikienda kule. Faili linaonyesha upande mmoja tu, kwa kuwa upande mmoja tu ndio uliofika mahakamani.

Hapo ndipo mwanafunzi wa umahiri anapolifunga faili na kupanda basi la kusini. Amepata barua ya chuo, akaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, akapewa barua ya wilaya, wilaya ikampa barua ya kata, mtendaji wa kijiji akagonga muhuri. Anakaa barazani kwa bibi mmoja. Anatoa fomu ya ridhaa, kurasa mbili, kwa Kiingereza, kwa sababu kamati ya maadili ya utafiti imeipitisha kwa Kiingereza. Bibi anaiangalia, anamwangalia kijana, anauliza kama ni ya mkopo au ya korosho. Hili si la kuchekesha tu. Kusini hapa watu wamewahi kutia saini karatasi nyingi ambazo hawakuzipenda baadaye. Fomu ile itafsiriwe kabla ya safari, isomwe kwa sauti, na asiyetaka kutia saini ajibiwe kwa heshima na kinasa sauti kizimwe.

Halafu maswali. Ukimuuliza bibi "uliolewa mwaka gani," atakuambia hajui, na wewe utaandika hajui. Ukimwacha aseme, atasema aliolewa wakati treni ya Nachingwea bado inapita. Basi umepata: reli ile ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947, mradi ukafa mwanzoni mwa 1951 baada ya kuwala Waingereza pauni zipatazo milioni 36, gati la maji marefu la Mtwara likakamilika wakati karanga zenyewe hazipo, na reli ikafungwa mwaka 1962. Ndoa ya bibi iko ndani ya miaka hiyo. Na usimuulize tu babu yake alikuwa nani. Muulize mjomba wake aliishi chirambo cha nani, na nani alimfuata mjomba alipokufa. Utakuta anapanda vizazi vitano bila kupumua. Kaka zake wanaomsikiliza watamsahihisha, yeye atawasahihisha wao, na ubishi huo uurekodi wote, maana ndio ushahidi. Mahojiano ambayo kila mtu amekubaliana huwa yana walakini.

Tasnifu ya umahiri inayoweka faili na bibi meza moja, ikaonyesha wapi wanakutana na wapi wanaachana, hata kama ni ya kijiji kimoja, mimi naiona imetimiza kazi. Wanaotaka kuandika "Historia ya Kusini mwa Tanzania" kwa miezi kumi na minane wananitia wasiwasi.

Uzamivu nitauzungumza kwa mfano mmoja, na ni wa mlangoni pa Ruvuma. Mwaka 1886 Ujerumani na Ureno walikubaliana huko Ulaya kwamba mto ndio mpaka. Lakini Wajerumani walikuwa wamejipa urithi wa madai ya Sultani wa Zanzibar, ambayo yalivuka mlango wa mto kwenda kusini, na mwaka 1894 wakaikalia Kionga, ng'ambo ya pili. Aprili 1916 Wareno wakaitwaa. Baada ya vita, mwaka 1919, mataifa makubwa yakawaachia. Mtu aliyezaliwa Kionga mwaka 1880 na kufa mwaka 1920 bila kuhama shamba lake alikuwa chini ya Sayyid wa Unguja, chini ya Kaisari, kisha chini ya Lisbon. Vitabu vya diplomasia vinaitaja Kionga katika aya moja. Vinaiita ushindi mdogo wa Ureno.

Swali la uzamivu ni lipi hapo? Kusimulia upya mapatano ni kazi ya shahada ya kwanza. Mtahiniwa wa uzamivu atauliza, kwa mfano, watu wa pande mbili waliutumiaje mpaka uliokuwa unahama juu yao. Nani alivuka kukimbia kodi ya Mjerumani, nani alivuka miaka ya baadaye kukimbia kazi za lazima na pamba ya kulazimishwa ya Mreno na kuja kukata mkonge Tanganyika? Waliovuka walipokewa na nani? Kwa wajomba, pengine. Na je, njia zile zile ndizo zilizotumika baada ya mauaji ya Mueda, Msumbiji, ya tarehe 16 Juni 1960, na tena baada ya FRELIMO kuanza vita tarehe 25 Septemba 1964, wakati Mtwara na Nachingwea zilipokuwa mgongo wa mapambano? Akijibu hilo kwa ushahidi, amesema jambo ambalo halijasemwa, na kuna watu watakaompinga. Huo ndio uzamivu.

Gharama yake sasa. Karatasi za Kijerumani ziko Dar es Salaam na Berlin. Zile za Dar es Salaam ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu za Dunia mwaka 1997, na nyingi zimeandikwa kwa mwandiko wa kale ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kufundishwa. Karatasi za Kireno ziko Lisbon na Maputo. Za Kiingereza ziko Kew, kando ya London. Barua za masheikh na majumbe wa pwani ni za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu. Nyimbo alizozirekodi mtafiti wa Kijerumani Karl Weule kwenye silinda za nta alipopita uwanda wa Makonde mwaka 1906 ziko Ujerumani. Na wazee wanasema Kimakonde huku na Kimwani kule. Mtahiniwa hatazimudu lugha zote hizo. Atachagua, na lazima aeleze wazi amechagua nini na ameacha nini, kwa sababu mtahini wa nje ataanzia hapo hapo.

Tena kuna mambo yasiyo ya vitabu. Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado, ng'ambo ya mto, haina amani, na Oktoba 2020 kijiji chetu cha Kitaya kilishambuliwa. Mtu anayetembea na kinasa sauti kando ya mto akiuliza nani alivuka na lini anaweza kuonekana mpelelezi, na anaweza kuwatia hatarini wanaomjibu. Msimamizi mwema atamwambia mwanafunzi abadilishe eneo, au asubiri, au atumie kwanza nyaraka. Tasnifu yoyote ile haina thamani ya kumtia mwenyeji mashakani. Kwenye kanuni uzamivu ni miaka mitatu au minne. Wanaoumaliza kwa muda huo wapo, ila msiwatumie kama kipimo cha kujidharau.

Naomba sasa niseme la mwisho, ambalo ni malalamiko kidogo. Mwaka 1890 Machemba, mkubwa wa Wayao aliyekuwa Luagala katika uwanda wa Makonde, alimjibu kamishna wa Kijerumani von Wissmann kwa barua ya kukataa kumtii. Barua ile inasomwa vyuo vikuu duniani kote. Aliiandika kwa Kiswahili. Wanafunzi wetu wanaisoma kwa Kiingereza. Mtihani wanajibu kwa Kiingereza, tasnifu wanaandika kwa Kiingereza, na bibi aliyetoa nusu ya ushahidi hawezi kuambiwa hata kama amenukuliwa sawa.

Siku hizi somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa sekondari kwa Kiswahili. Walimu wanatafuta pa kusomea juu ya Mikindani, Kionga, Luagala, na kurasa ni chache, wakati tasnifu zimejaa kwenye rafu za Mlimani. Sitaki kungoja sera. Kila anayemaliza umahiri au uzamivu juu ya kusini aandike kurasa ishirini za Kiswahili, azipeleke katika kijiji alichofanyia kazi, azisome mbele ya watu na akubali kusahihishwa. Watahini wa chuo wamekwisha kumpa shahada. Hawa bado hawajampa.

Na ninyi wazee na wazazi, nina ombi. Katika masanduku yenu kuna madaftari ya vyama vya ushirika vya korosho, vitabu vya nikahi, barua za hati ya Kiarabu ambazo hakuna kijana nyumbani anayezisoma, picha za wakati wa wapigania uhuru wa Msumbiji, stakabadhi za kodi za babu na za mjomba. Mchwa na mvua za masika havichagui. Msivichome wakati wa kufanya usafi wa msiba, wala msimpe mgeni akaondoka navyo. Mruhusuni mwanafunzi avipige picha mbele yenu, vyenyewe vibaki nyumbani, nanyi mpewe nakala. Mwenye daftari la namna hiyo na azungumze na walimu wa historia waliokaa mstari ule wa mbele, kabla hajaondoka leo.